Tanzia ya Fundi Saa

Jumatatu, 4 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata daftari hili: wasomaji wote watatu wa blogu yangu ni mimi.

Nimeliandika, na dari halijaanguka. Basi niendelee.

Blogu ina miaka minne. Makala mia mbili na kumi na mbili. Nilianza nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa makala kuhusu umuhimu wa kupiga mswaki. Nilisubiri maoni wiki tatu. Hayakuja. Nikajiandikia mwenyewe kwa jina la Dada Makini: makala nzuri, endelea hivyo hivyo. Nilipoyasoma nilifurahi kweli. Hapo ndipo nilipoharibika.

Baadaye akaja Msafiri. Huyu hana shida, huandika mara moja kwa muhula kwa sababu yuko safarini.

Halafu Fundi Saa. Huyu ndiye kazi. Miaka sabini na minne, mstaafu, mgane. Ana saa kumi na tisa ukutani na hakuna inayokubaliana na mwenzake. Lazima nikumbuke goti gani linamuuma. Mwezi uliopita lilimuuma la kushoto, ilhali mwaka mzima lilikuwa la kulia. Hakuna aliyegundua. Nani angegundua?

Kihesabu cha blogu leo: wageni watatu. Mmoja ni mimi kwa simu ya Mama. Mmoja ni mimi kwa kompyuta ya maktaba ya shule. Wa tatu simjui, labda pia ni mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mpango.

Njiani kurudi nyumbani kuna ubao wa matangazo. Watu wanaupita kama hauko. Leo kulikuwa na tanzia, na watu tisa walikuwa wamesimama, mmoja akiwa na mzigo kichwani. Msiba huvuta watu. Mitihani nayo inakaribia na sina tena muda wa kumlea mzee. Kwa hiyo Fundi Saa atafariki. Ndege wawili kwa jiwe moja, na jiwe lenyewe ni la kubuni.

Wakati wa chakula nilimuuliza Mama, kwa mbali, wazee huwa wanafariki kwa ugonjwa gani bila kuumia. Mama anauza kwenye duka la dawa na maswali ya aina hii hayapendi. Aliweka kijiko chini, akanipapasa paji la uso, akataka kujua ni mzee gani. Nikasema ni kazi ya shule. Kaka akasema Profesa anatafuta wa kumrithi, na ukoo wenyewe hauna mzee mwenye hata kabati.

Profesa ni mimi. Si sifa.

Nimeamua afariki usingizini.

Jumatano, 6 Machi

Amefariki.

Niliandika tanzia katika kompyuta ya maktaba wakati wa mapumziko. Nilisema habari nimezipata kwa mwanawe. Nilisema saa zote kumi na tisa zilikutwa zinakwenda sawa. Hapo nikalazimika kujifanya natafuta kitu chini ya meza.

Dada Makini alilia katika maoni. Msafiri alikatiza safari.

Jioni nilikuwa nikichungulia simu ya Mama kila dakika mbili. Kaka aliniuliza mbona nachungulia kama kuku aliyeona mwewe. Wageni: watatu. Walewale.

Kumbe hata kifo kinahitaji watu wa kukijua.

Ijumaa, 8 Machi

Maoni! Na si yangu!

Nimehakikisha. Nimepitia majina yangu yote na maneno yao ya siri. Huyu anaitwa Jirani wa Mbali. Nayanakili yote hapa:

“Poleni wafiwa. Nasoma hapa kimya kimya tangu mwaka wa kwanza, sijawahi kuandika, naona aibu. Leo najilaumu. Nilikuwa na swali la kumuuliza mzee kuhusu saa ya mkononi ya marehemu baba yangu, nikawa nasema kesho, kesho. Sasa nimuulize nani? Naomba uniunganishe na mwanawe nimpe pole.”

Msomaji. Wa kweli, mwenye baba na saa na aibu. Tangu mwaka wa kwanza! Yule mgeni wa tatu hakuwa mimi.

Nilirukaruka bafuni mpaka Mama akagonga kuuliza kama nimeteleza. Nikasema ndiyo, kidogo.

Niliyasoma mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili ndipo nilipoelewa kwamba nina msomaji mmoja tu duniani, na nimempa msiba.

Jumapili, 10 Machi

Nikimwambia ukweli, ataondoka. Mtu gani abaki kwenye blogu iliyomliza kwa uongo? Nisipomwambia, anataka mtoto wa marehemu, na marehemu hakuwahi kuwa na mtoto mpaka Jumatano.

Nikatunga mpango wa pili. Nilimjibu kwamba mwana huyo ana haya na hana simu. Akajibu baada ya saa moja kwamba haya hiyo anaielewa vizuri, atamwandikia barua, anwani ni ipi. Nikasema amehama. Akauliza amehamia wapi.

Nikazima simu na kuirudisha chini ya mto wa Mama.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa maoni mawili.

Jumatatu, 11 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa mkutubi.

Mapumziko yote ya miaka minne nimeyamalizia maktaba, kwa sababu uwanjani lazima uwe na mtu wa kusimama naye. Mle ndani tuko wawili. Yeye mezani kwake na kompyuta yake, mimi pembeni na ile ya wanafunzi. Neno lake kwangu ni moja: rudisha Alhamisi. Langu kwake: asante, mwalimu. Tumeelewana hivyo.

Leo aligonga muhuri wa kitabu changu juu chini. Macho yalikuwa mekundu. Mezani kwake palikuwa na saa ya mkononi ya kiume, ya zamani, imesimama. Ubavuni mwa saa, kadi ya mwandiko wake:

Saa iliyosimama haina kosa, inamsubiri tu mtu wa kuitia ufunguo.

Hayo ni maneno yangu. Niliyaandika Februari, kwenye kompyuta ile pale, nikiwa na biskuti mdomoni.

Nikamuuliza ni maneno ya nani. Ni swali langu la kwanza kwake ambalo halihusu kitabu, na nadhani lilitushangaza sote. Akasema ni ya rafiki yake, amefariki wiki iliyopita. Hawakuwahi kuonana. Alikuwa akiandika maoni kwenye blogu ya mtoto fulani.

Jina langu halipo kwenye blogu. Nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kama blogu yenyewe ni nzuri.

Alifikiri kwa haki kabisa. Akasema, “Mtoto ana bidii, maskini. Lakini anaandika kama anajibu mtihani. Mimi namruka, nashuka moja kwa moja chini kwa mzee.”

Nikasema aa.

Akaendelea, kama mtu ambaye hajaulizwa kitu siku nyingi. Nyumbani kwake hakuna anayeongea ila redio. Na yule mzee kila mara alimaliza kwa swali lilelile: na wewe unayesoma bila kusema, umeshakula? “Nilikuwa namjibu kwa sauti, peke yangu sebuleni. Bado, mzee. Mtu akinisikia atasema nimeanza kuchanganyikiwa.”

Swali lile niliweka kujaza nafasi. Nilidhani hakuna mtu upande wa pili.

Nimehesabu hatua kutoka meza yake hadi kompyuta yangu. Nane. Ndiye Jirani wa Mbali.

Saa hizi, badala ya kuwa na huzuni, nina wivu juu ya marehemu. Mimi ndiye niliyempa saa kumi na tisa. Mimi ndiye niliyemchagulia goti. Makala mia mbili na kumi na mbili nimejipinda, na yeye kwa mistari minne chini yake amepata kadi.

Jumanne, 12 Machi

Niliamka nimeamua. Leo nasema.

Nilifanya mazoezi mbele ya kioo: mwalimu, samahani, yule mzee ni mimi. Kaka akauliza kupitia mlangoni namposa nani, nipunguze sauti, nitakataliwa hata kabla ya kufika. Nikaandika sentensi kwenye karatasi, nikaiweka mfukoni. Mama alinitazama nilivyokuwa nakunywa chai, akasema mwanangu, ukitaka kusema kitu kiseme kikiwa cha moto. Mama huwa anajua kuna kitu. Hajui tu ni kitu gani.

Mapumziko nilikwenda moja kwa moja hadi mezani. Sikupitia pembeni kwangu kwanza. Karatasi ilikuwa imelowa jasho mkononi.

Kabla sijafungua mdomo alisema afadhali nimekuja, alikuwa ananifikiria mimi. Mimi. Akasema tangu jana anajiuliza ni mwanafunzi gani angemwelewa yule rafiki yake, akaona ni mmoja tu. Akavuta droo.

Alikuwa amechapa maoni yote ya Fundi Saa, tangu ya kwanza. Amezishona karatasi kwa uzi, amezitia jalada la rangi ya majani, amezipa namba ya rafu. Kitabu. Nilikifungua. Makala zangu zilikuwamo pia, pale tu ambapo bila hizo mzee asingeeleweka, kwa herufi ndogo chini ya ukurasa.

Mimi ni tanbihi ya mtu niliyemtunga.

Akauliza nilikuwa nataka kusema nini.

Nilimtazama. Saa ya baba yake ilikuwa bado imelala pale pale, mishale yake ikionyesha saa nne na dakika kumi, kama jana. Alikuwa amepaka midomo rangi kidogo, kwa ajili ya siku ya kuzindua kitabu ambacho kingeazimwa na mtu mmoja. Sentensi yangu ilikuwa na maneno sita. Niliyatafuta yote.

Nikasema naomba kuazima.

Akagonga muhuri, safari hii wima. Rudisha Alhamisi. Halafu akaongeza kitu ambacho hajawahi kuongeza kwa miaka minne. Akasema ukimaliza, njoo tuzungumze.

Nilikwenda pembeni kwangu, hatua nane. Nilikaa. Nilisoma kurasa tatu na ni kweli, mzee anaandika vizuri. Nilipoinua macho mkutubi alikuwa ameishika ile saa sikioni, anasikiliza.

Nilifungua kompyuta. Nilifungua jina jipya, na neno jipya la siri. Nikaandika hivi: Mimi ni mdogo wake marehemu, nami ni fundi saa. Jirani, ile saa ya baba imesimama saa ngapi? Usiitupe. Na wewe unayesoma bila kusema, umeshakula?

Nikabonyeza.

Kompyuta yake ililia ting. Sikugeuza kichwa. Nikamsikia, polepole, kama mtu anayeongea na redio:

“Bado.”

Kisha nilichukua daftari, nikafungua ukurasa mpya na kuandika: Mdogo wa Fundi Saa. Miaka sitini na tisa. Afya njema, asife. Goti la kulia. Nikapiga mstari chini ya “la kulia”, nikala biskuti yangu, kengele ikalia, nikaenda darasani.