Kwa Nini Hatutalinunua Toleo la Sita la Pundi Rapi

Kitongoji cha Ngasem Kidul,
Klaten, Java ya Kati.
Alhamisi.

Ndugu Mkurugenzi wa kampuni inayotengeneza Pundi Rapi,

Naomba kwanza unisamehe kwa kukuandikia bila kufahamiana. Kwenye kompyuta yetu kimetokea kisanduku kinachosema kwamba muda wa kujaribu Toleo la Sita la programu yenu ya hesabu za nyumbani unaisha baada ya siku tatu, na kwamba tusipotaka kulinunua tueleze sababu kwa maneno yasiyozidi ishirini. Nimejaribu. Maneno ishirini yaliishia kwenye salamu. Nilipiga pia simu yenu ya huduma mara nne, na kila mtu alipopokea nilikata. Nawaomba radhi hao wanne. Walikuwa na sauti za upole.

Naitwa Wening, nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwezi wa tano, mchepuo wa utunzaji wa hesabu. Ndiyo maana nyumbani kwetu mimi ndiye mwenye Pundi Rapi. Tangu darasa la saba nimeingiza humo daftari la mama yangu la michango: nani alituletea nini tulipokuwa na shughuli, na sisi tulipeleka nini kwao. Jirani akituletea sukari kilo mbili kwenye harusi yetu, siku ya harusi yake nasi tunapeleka kilo mbili. Toleo la Tano liliyatunza haya yote na kunyamaza. Tumeishi nalo miaka mitano kama mkwe asiye na neno.

Jumapili hii kaka yangu Yitno anaoa. Wageni ni mia sita. Kwetu harusi haipikwi na mpishi wa kukodi. Inapikwa na majirani, na kina mama huanza kuja siku kadhaa kabla, kila mmoja na kisu chake. Mama alitaka hesabu zikae sawa kabla ya siku hiyo, akaniambia nijaribu toleo jipya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Toleo la Sita lilisoma daftari lote, likaamua kwamba kila tulichowahi kupeleka kwa watu ni mkopo. Kisha likaniuliza: "Tuwakumbushe wadaiwa wako 63?" Nikabonyeza Hapana. Likauliza: "Una hakika? Tuwakumbushe tu?" Nikabonyeza tena Hapana. Likauliza mara ya tatu. Sasa Ndugu Mkurugenzi, hata wewe umelelewa. Mtu akikukaribisha chai unakataa mara ya kwanza, unakataa ya pili, na ya tatu unakubali, la sivyo mwenyeji ataona umemdharau. Nikabonyeza Ndiyo, na ujumbe ukawaendea wote. Programu inayouliza mara tatu ilhali haina chai ya kumkaribisha mtu imefundishwa adabu na nani?

2. Ujumbe wenyewe. Mama Tukirah, mkuu wa jiko katika kila shughuli hapa kwetu, alipata huu: "Habari Tukirah! Bado unadaiwa sukari kilo 2 na rupia 50,000 tangu 2014. Lipa leo ujisikie mwepesi!" Mwishoni kuna kiuso kinachocheka. Ana miaka sitini na minane. Hakuna aliyemwita Tukirah kavukavu tangu mama mkwe wake afariki. Alikuja jioni ileile na sukari na noti, akaviweka kizingitini, akasema, "Haya, nimeshakuwa mwepesi. Jumapili nitapeperukia hukohuko kwangu." Mama yangu alimkimbilia hadi barabarani. Hakugeuka.

3. Mmemkumbusha na marehemu. Mzee Karto alizikwa mwaka jana, na kama ilivyo desturi mwanawe alitangaza mbele ya jeneza: yeyote anayemdai marehemu aje kwetu tumalizane. Hakujitokeza mtu. Sasa mmejitokeza ninyi. Mwanawe amekuja na trei la mayai na kuuliza, kwa sauti iliyosikika nyumba ya tano, "Mlikuwa mnangoja afike kaburini kwanza?"

4. Ushauri ambao hatukuuomba. Programu imeiandikisha harusi ya kaka yangu kama "biashara mpya" na kututabiria faida ya asilimia kumi na mbili. Inashauri tuongeze wageni na tupunguze wali. Inasema kwamba mwenendo ukiwa mzuri kaka arudie mwakani. Mchumba wake alikuwa amesimama nyuma yangu niliposoma hilo. Chini yake imepiga mstari mwekundu kwenye "mazishi 41" tuliyowahi kuchangia na kuandika: matumizi yasiyo na tija, fikiria kuacha. Baba yangu huwa hasemi sana. Alisema, "Daftari lilikuwa halimtumii mtu ujumbe," akatoka kwenda kuwalisha ndege wake.

5. Leo asubuhi vitunguu vilikuwa vianze kumenywa. Tulitandika mikeka, tukachemsha chai ya watu arobaini. Mpaka saa sita aliyekuja ni paka. Mama amekaa peke yake mbele ya gunia la vitunguu, amemenya vinane. Hanigombezi, na hilo ndilo linaloniumiza. Alisema tu, "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu. Tuambie tufanyeje." Harusi isiyo na majirani jikoni si suala la chakula tu. Watu mia sita wataingia, watatazama nyuma ya nyumba, wataona hakuna moshi wa watu wengi, na watajua tumetengwa. Kaka atakuwa ameoa katika kitongoji ambacho hakuna wa kumbebea jeneza.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo.

Kwanza, muandike barua sitini na tatu za kuomba radhi, kwa mkono, kila moja ikianza na Mama au Mzee. Ya marehemu Karto isomwe kaburini, na msomaji avae nguo nadhifu.

Pili, kwa kuwa mmetuondolea wapishi thelathini na watano, mtuletee thelathini na watano. Kuna nazi mia na ishirini za kukuna. Mhasibu wenu akitaka kuja anakaribishwa, ila aje na kisu chake, kwetu kuazima kisu ni aibu. Aliyebuni kile kiuso kinachocheka atapewa vitunguu.

Tatu, vijana wenu wa kompyuta washike sinia za chai siku yenyewe. Wawe wamechomekea mashati, na wasimuulize mgeni yeyote kama ana hakika.

Nne, wewe mwenyewe, Ndugu Mkurugenzi, ukae mlangoni na baba yangu kupokea wageni, kama ndugu wa familia. Tutasema u binamu yetu wa Semarang. Na kwa kuwa utakuwa ndugu, itabidi uhudhurie na mazishi yetu arobaini na moja yanayofuata.

Mkishindwa hayo, tutarudi Toleo la Tano na kubaki nalo mpaka kompyuta ife, kisha tutarudi kwenye daftari. Huo ndio uamuzi wangu, na ndio wa kwanza nimewahi kuufanya bila kumuuliza mtu.

Nisalimie wote ofisini, walinzi, wafagizi, na wale wanne wa simu. Nakutakia afya njema wewe na familia yako.

Mimi mtumiaji wenu mtiifu,
Wening Prastuti

Nyongeza, Ijumaa asubuhi.

Barua ilikuwa imeshafungwa. Saa moja asubuhi Mama Tukirah ameingia kwa mlango wa nyuma, kisu mkononi, na kina mama wapatao thelathini nyuma yake. Nilidhani kisu kimeletwa kwa ajili yangu. Akasema, "We mtoto, hiyo mashine yako inajua Sarjinah alitoa nini harusi ya dada yako?" Nikasema inajua. "Soma." Nikasoma. Wakapiga kelele, "Paza sauti, bibi harusi si wewe!" Nikapaza. Mama Tukirah akashika kiuno. "Mayai kumi! Na miaka yote anatuambia ni mbuzi!" Mama Sarjinah, aliyekuwa katikati yao, akajibu kwamba mayai yalikuwa makubwa, na sasa asomwe Mama Tukirah. Tangu hapo hakuna aliyeondoka. Wanakunia nazi sebuleni wasije wakakosa jina, na moshi wetu unaonekana mpaka barabara kuu.

Tafadhali futa malalamiko ya kwanza mpaka ya tano. Mama amelipia Toleo la Sita miaka miwili, na kaya kumi na nne zinalitaka. Tuna swali moja tu: mstari mmoja unafichwaje? Mkuu wa kitongoji, Mzee Wagiman, alipomwoza binti yake tulimpelekea bahasha ya mchango, nami niliandika kama mama alivyonitajia: "tupu, makusudi." Amesikia watu wanasomewa, naye anataka kusomewa. Jibuni upesi. Ameshavua viatu.