Sanduku la Ratili Mia Nne Lilivyoingia Ghalani Itaka

Sogeeni, enyi wana wa Mbozi, nanyi mliopanda kutoka Kamsamba na jasho lenu! Mwenye jembe aliegemee, mwenye chungu jikoni akipunguzie moto, maana habari hii haivumilii kukatizwa. Sisimulii vita vya wafalme. Hao wanao watu wa kuwasifia. Nasimulia jinsi sanduku moja lilivyoteremka kutoka juu ya lori na kuingia ghalani, hatua kumi na nne kwa hesabu ya miguu yangu mwenyewe, na anayesema zilikuwa kumi na tatu hakuwepo.

Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka ile kahawa ilipoanza kuwatia watu kiburi huku Itaka. Chama cha wakulima kikaagiza mashine ya kumenyea kahawa, chuma kitupu, nayo ikaja Jumanne moja imefungwa ndani ya sanduku la mbao, uzito wake ratili mia nne.

Mbele ya sanduku hilo alisimama Barnaba mwana wa Asajile, mnyapara wa wapakuzi, wanne pamoja naye, Nguzo ya Ghala, Shingo Isiyopinda, Mfalme wa Magunia. Baadhi ya majina hayo alipewa na wenzake, na mengine, tusifichane, alijipa mwenyewe. Lakini siku hiyo shujaa wetu alikuwa na siri. Wiki iliyotangulia, akiinua gunia, alisikia kitu kiunoni kikilia ta! Tangu hapo hata kupiga chafya kulikuwa jambo la kuombewa kanisani. Hakumwambia mtu. Sheria ya wapakuzi ilikuwa moja tu: mzigo huinuliwa kwa mgongo na shingo, na mwanamume atakayeshika mtaimbo au gogo ili kujirahisishia kazi ataitwa Bi Harusi hadi mavuno mengine. Aliyeitunga sheria hiyo ni Barnaba mwenyewe.

Alijua, tena vizuri sana, kwamba sanduku lile likimkalia mgongoni atarudi nyumbani amebebwa, na pengine asisimame tena. Alijua pia kwamba akilikataa, unyapara utakwenda kwa Amoni, mpakuzi mwenzake, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimtazama kama paka anayengoja samaki aanguke kutoka mezani.

Basi karani wa ghala, Yonathani, mtu mwembamba mwenye sauti nyembamba vilevile, akajitokeza mlangoni akanena: "Enyi mashujaa! Hapa pana mbao mbili ndefu, magogo manne ya mviringo, kamba na mtaimbo. Nimevileta vifanye kazi, visikae kama picha ukutani. Tafadhalini, vitumieni."

Amoni akacheka hadi akashika magoti. "Bwana karani, hivyo wape wagonjwa! Hapa tunaye Nguzo ya Ghala. Haya, mnyapara, tuonyeshe. Au leo nguzo imeingiwa na mchwa?"

Lo! Neno lile lilimchoma Barnaba kuliko kiuno chake. Akavua shati, akatema mate viganjani, akatoa hotuba, kwa kuwa shujaa hainui kitu kabla ya kuhutubia.

"Nisikilizeni, enyi mlionyonya maziwa ya woga! Baba yangu Asajile alibeba mizigo ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, masanduku ya risasi kichwani, milima kwa mabonde, wala hakuulizia gogo wala ubao. Hadi leo anaimbwa. Mimi ni damu yake. Nipisheni!"

"Nyamaza, Barnaba."

Sauti hiyo ilitoka pembeni mwa ukuta, alikoketi mama yake, Marita, aliyekuwa akiwauzia wapakuzi togwa.

"Mama, nipo kazini," akasema shujaa, na sauti yake ikawa imepungua ghafla.

"Nami nipo kazini. Wewe na wenzako mnaujua wimbo wa baba yako. Mimi namjua baba yako. Alirudi kutoka vitani amepinda, na kwa miaka kumi na tisa hakujinyoosha. Akitaka kuona kama mvua inakuja, ilimbidi alale chali uani. Hao waliokuwa wakimwimba, nani alikuja kumwinua? Nilimwinua mimi."

Wapakuzi wakatazama chini. Mama Marita hakuwa amemaliza.

"Tangu utoto wangu sijajitwika mtungi bila kata ya majani kichwani. Je, mtungi uliwahi kuniita dhaifu? Na usidhani kiuno chako sijakiona, mwanangu. Mtu mzima mwenye afya hanywi togwa ametanua miguu kama twiga mtoni."

Barnaba aliona aibu, kisha akaona hofu, na hofu ikawa kubwa kuliko aibu. Alijiona uani, chali, akiyauliza mawingu habari za mvua. Akaokota shati lake akalivaa.

"Bwana karani," akanena, "nipe huo mtaimbo."

Amoni akafumbua kinywa. "Bi Ha..."

"Naam, Bi Harusi ndiye mimi! Na bwana harusi ni wewe, Amoni. Shika kamba, mume wangu, twende kazini."

Wakacheka wote, hata dereva wa lori aliyekuwa akipiga honi kwa kutaka kuwahi Tunduma kabla ya mvua. Ndipo vita vikaanza. Mbao zikaegemezwa kwenye lori, kamba ikazungushwa kwenye nguzo ya baraza, na Amoni akawa akiilegeza kidogokidogo, nalo sanduku likateremka kwa adabu, kama mkwe anayeingia ukweni. Lilipogusa ardhi, Barnaba akachomeka ncha ya mtaimbo chini yake, akakunja magoti, mgongo wima, akauegemea kwa uzito wa mwili wake. Lile dubwana likanyanyua pembe! Magogo yakaingia chini, wapakuzi wakasukuma, na kila gogo lililotokea nyuma likakimbizwa mbele. Kwenye hatua ya tisa gogo moja likaasi, likamfukuza kuku hadi kwenye migomba. Likarudishwa kwa nguvu. Kizingiti cha mlango nacho kikakaza, mtaimbo ukakishinda. Sanduku likaingia ghalani bila mwanamume hata mmoja kuguna.

Yonathani akakuna kichwa. "Jamani, samahani sana. Nilitaka likae ukuta wa kule, penye dirisha."

Neno kama hilo, mwaka uliotangulia, lingemtoa karani meno. Amoni akajishika kiuno kwa mazoea tu. Barnaba akautazama ukuta, akayatazama magogo.

"Penye dirisha kabisa, bwana karani? Au tukusubiri umalize kufikiri?"

Wakaliviringisha hadi penye dirisha.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na msio na kalamu wekeni moyoni! Semeni kwamba Itaka ilikuwa na Jumanne yake, na kwamba ratili mia nne za chuma zilishindwa na magogo manne na ulimi wa mama mmoja. Jioni ile wapakuzi wanne walirudi makwao kwa miguu yao wenyewe, wima, hata yule mwenye kiuno kibovu. Mama Marita alisimama njiani kuwatazama mmoja mmoja, na alipopita wa mwisho, ambaye ni mwanawe, akajitwika mtungi wake mtupu akamfuata.