Daktari Asiyegusa Mgonjwa

Wapo watu wakiona jua wanaona mchana. Daktari akiona jua alitafuta kinachong'aa, na akishakipata alijiuliza maswali mawili tu: hiki ni cha nani, na mwenyewe ana akili kiasi gani. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile alipokuwa akishuka mtaa wa mafundi juu ya pikipiki yake nyekundu ya Kitaliano, polepole, ili watu wapate muda wa kumtazama. Mbele ya duka la mshona viti, chini ya shuka la maua, kilikuwa kimechungulia kipande cha tangi la rangi ya fedha. Kipande chenyewe hakikuzidi kiganja. Daktari alifunga breki mpaka mbwa wa kinyozi wa jirani akaamka.

Tuelewane mapema: udaktari wake haukutoka chuo chochote. Ulitoka kwenye koti jeupe na kipimo cha kusikilizia moyo, vitu ambavyo hakupenda kuulizwa alivipata wapi. Wagonjwa wake walikuwa pikipiki za Kitaliano za mbio, hasa zile za zamani zenye klachi kavu. Pikipiki nyingine klachi yake hulala ndani ya oili, imestarehe, wala huisikii. Hizi klachi iko nje ya oili, na sahani zake hugongana kama vijiko kwenye droo. Ukibana mkono wa klachi mlio unapanda, ukiachia unatulia. Anayezijua huusikia mlio huo akatabasamu. Asiyezijua huanza kutafuta pa kuegesha.

Hapo ndipo Daktari alipopatia riziki. Mwenye pikipiki akishaingiwa na wasiwasi, yeye hutokea, huvaa kipimo masikioni, husikiliza, hutikisa kichwa, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Mgonjwa ana ndugu?" Halafu hutangaza kwamba injini inakata roho, na kwa huruma zake huichukua kwa bei ya vyuma chakavu. Wiki inayofuata humuuzia tajiri fulani na kumweleza kwamba mlio ule ndio wimbo wa Kitaliano, na asiye nao hajapanda pikipiki. Mlio ni uleule. Kilichobadilika ni yeye tu, jana mnunuzi na leo muuzaji.

Alikuwa na mwiko mmoja: hagusi. Mnunuzi akigusa ametamani, na akitamani bei imepanda. Kwa hiyo aliwapima wagonjwa wake mikono ikiwa mgongoni, akiinama tu na kusogeza kipimo kwa mbali. Watu walimwona mtaalamu kweli.

"Hodi hapa," akasema mlangoni.

Mshona viti alikuwa mwanamke wa makamo, sindano mdomoni, sponji hadi magotini. Alishona viti vya magari na vya pikipiki, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya vijana wengi wa mtaa ule.

"Karibu. Kiti cha mbele au cha nyuma?"

"Sikuja kwa kiti, mama. Nimepita hapa nikasikia harufu ya ugonjwa."

"Hiyo ni gundi."

"Na hiyo uliyoifunika shuka?"

"Aa, hiyo." Akatoa sindano mdomoni. "Niliachiwa tu. Ya Kitaliano, sijui ya nini. Ikiwashwa inagonga mpaka kinyozi analalamika kwamba vichwa vya wateja vinacheza. Unaijua?"

Akalivuta shuka, na Daktari akasahau kupumua. Ilikuwa ile ya fedha, ya toleo lile dogo ambalo mtu anaweza kuzeeka bila kuliona barabarani. Mwenyekiti wa klabu ya safari za pikipiki alikuwa ameitafuta miaka, na ameapa kwamba atakayemletea atalipwa vizuri mpaka aache uongo kwa kukosa sababu. Tena siku hiyohiyo, mchana, klabu nzima ilikuwa inakusanyika kwenye kituo cha mafuta juu ya mlima, ianze safari yake ya mwaka kwenda milimani. Daktari akaona mkono wa Mungu kabisa. Akaurudisha uso wake kwenye huzuni ya kikazi.

Hapa inabidi nikunong'oneze jambo ambalo yeye hakulijua.

Yule mshona viti alikuwa na baba, mzee fundi wa meno ya bandia, anayekaa kwenye nyumba ya kona ya mlima uleule. Na pikipiki nyekundu aliyokuja nayo Daktari, pekee ambayo hakuiuza, ilikuwa ya mzee huyo. Yeye na marehemu mkewe walizunguka nayo nchi nzima. Kabla ya kila safari mzee alifungua valvu akazipima juu ya meza ya chakula, mkewe akila pembeni kiwiko kikiwa kimebanwa, bila kunung'unika, kwa sababu naye alikuwa na haraka ya kuondoka. Mke ndiye aliyekaa nyuma, na ndiye aliyekuwa masikio ya mumewe. Kukiwa na mlio mgeni alimgonga begani. Alipofariki, mzee hakuyaamini tena masikio yake, na Daktari alipotokea na koti lake jeupe akasema mashine inakata roho, mzee alikubali. Mtu mwenye msiba huamini habari mbaya upesi.

Tangu siku hiyo, maiti ile ilikuwa ikipanda mlima kila Jumamosi mbele ya dirisha lake, ikigonga vijiko vyake. "Maiti gani hii?" mzee alimuuliza bintiye siku moja, kisha akafunga dirisha na kukaa na helmeti mapajani. Binti, ambaye wakati wa mauzo alikuwa akifanya kazi mji mwingine, alikasirika hadi akashindwa kula. Akamhoji baba yake kila kitu: alisemaje, alisimamaje, alishika nini.

"Hakushika kitu," mzee akasema. "Hata kwa kidole."

"Hata klachi hakubana?"

"Nimekwambia hakugusa."

Binti alishona kiti kizima akiliwaza jibu hilo. Siku chache baadaye alionekana akisukuma kitu kilichofunikwa shuka, kutoka gereji ya nyuma ya soko, ambako aliwashonea mafundi viti kwa miaka mingi, nao wakamwachia mashine pamoja na kadi yake. Alimtaka baba yake apate pikipiki yake, basi. Pesa, sheria, kelele za mtaani, hakuvitaka.

Sasa turudi dukani, Daktari anasubiri.

"Iwashe," akasema, mikono mgongoni.

Mshona viti akaiwasha. Ikagonga! Kinyozi akatoka na mkasi wake, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja. Daktari akavaa kipimo, akainama, akafumba macho. Moyoni alikuwa anacheza ngoma. Usoni alikuwa mazikoni.

"Mgonjwa ana ndugu?" akauliza.

"Mimi tu."

"Pole sana, mama. Inakata roho."

"Lakini Daktari, mbona na yako inagonga?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa, maana kwa kawaida alikuwa akiegesha mbali. Lakini ulimi wa Daktari haujawahi kukwama. "Yangu inakohoa tu," akasema. "Kikohozi cha kawaida, kikavu, cha huku pembeni. Yako inatoka tumboni. Sikia ilivyo nzito? Hizo ni beringi za kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Zimekwisha, zimesagika. Ukiipandisha mlima mmoja tu, kwaheri."

"Una hakika?"

"Naapa mbele ya kinyozi."

"Mimi sitaki kuwa shahidi wa mambo," kinyozi akasema, lakini hakuondoka.

"Shika basi," mshona viti akamhimiza. "Binyabinya hivyo vishikio, usikilize vizuri. Usije ukanipa msiba wa bure."

Mkono wa kulia wa Daktari ukatoka mgongoni wenyewe. Ulikuwa umetamani, maskini, ulikuwa umefika karibu kabisa na mkono wa klachi. Kisha akaona jinsi mwanamke anavyomtazama, akakumbuka mwiko, akaurudisha mahali pake.

"Daktari wa kweli hagusi," akasema. "Basi nitakusaidia. Niichukue kwa bei ya vyuma chakavu, upate japo ya sabuni."

"Vyuma nitapanda? Mimi nataka kitu cha kunipeleka kazini na kunirudisha. Nipe hiyo yako nyekundu, uchukue hii."

"Hii? Mama, hii ni kama mwanangu!"

"Basi mwanao abaki na wewe, na maiti wangu abaki na mimi." Akaanza kulirudisha shuka. Lilipofika kwenye taa, Daktari akapiga hesabu ya harakaharaka: nyekundu ni moja, lakini kwa atakachotoa Mwenyekiti angepata nyekundu nyingine na majirani zake. Shuka lilipofika kwenye tangi, akaguna kama mtu anayeng'olewa jino.

"Haya. Roho yangu laini itaniua. Kinyozi! Shuhudia mwenyewe. Nimemwambia mama huyu ukweli kwamba injini inakufa, sijamficha, nami naichukua hivyohivyo kwa hiari yangu, kwa huruma tu."

"Nimeshuhudia," kinyozi akasema. "Na mteja wangu pia, upande ulionyolewa na usionyolewa."

Wakabadilishana kadi na funguo. Daktari akaipanda ile ya fedha kabla mwanamke hajabadili mawazo, akaondoka akipunga mkono. Mshona viti alimpungia pia, kwa heshima zote.

Barabara ya tambarare aliimaliza akiimba. Mashine ilikuwa nzuri hasa, imelala chini, inavuta, na watu waligeuka kumtazama kuliko hata siku za nyekundu. Alishaanza kupanga atakavyomwambia Mwenyekiti: wimbo wa Kitaliano, nakwambia, sikiliza. Mlima ulipoanza, wimbo ukawa mzito kidogo. Katikati ya mlima haukuwa wimbo tena, ulikuwa mtu anayegonga mlango kutoka ndani. Daktari akabana klachi.

Mlio haukubadilika.

Akaachia. Akabana tena. Uleule, kutoka tumboni. Ndipo kijasho chembamba kikamtoka, kwa sababu mambo ya klachi aliyajua vizuri, ila dukani hakushika kitu, na njiani alikuwa akiimba tu. Kwenye kona, mbele ya geti la kijani, injini ikatoa mlio wa sufuria iliyoangushwa, ikafunga. Daktari alisema kwamba itakufa kwenye mlima wa kwanza, nayo ikamtii. Alikuwa amesema ukweli mtupu asubuhi nzima, lakini kwa kuwa yeye na ukweli hawakuwa wakijuana, hakuutambua.

Geti la kijani likafunguka. Mzee akatoka, akamtazama, akamtambua. Kutoka chini ya mlima vijiko vikaanza kusikika kwenye droo. Pikipiki nyekundu ikapanda bila taabu, ikasimama kando yao, na mshona viti akavua helmeti.

"Baba," akasema, "njoo usikilize."

Mzee aliishika. Alishika tangi, akashika kiti, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wa zamani aliosababisha mwenyewe kwa spana. Kisha akabana klachi, akaachia, akabana, akaachia, mlio ukapanda na kushuka, naye akalia mbele yao bila kujificha. "Hii nzima," akasema. "Mama yako asingenigonga bega."

Daktari hakuwa na nafasi ya kuguswa. "Mama, umeniuzia mbuzi kwenye gunia!"

"Gunia gani? Mbuzi ulimtoa mwenyewe, ukamtaja ugonjwa wake, kinyozi akashuhudia. Fundi wa gereji alihitaji siku nzima kugundua kwamba kranki imekwisha. Wewe umeisikia ukiwa umesimama mbali. Kweli una kipaji."

Kutoka juu kwenye kituo cha mafuta zikaanza kusikika injini za klabu zikiwashwa, moja baada ya nyingine. Mzee akanyoosha shingo. Binti akaingia ndani akamletea helmeti, ile ya mapajani, na mzee akaigeuzageuza. Halafu akaivaa. Lakini kabla hajapanda alimwendea Daktari, akamtoa kipimo shingoni taratibu, akakivaa masikioni na kuiinamia ile ya fedha, mikono mgongoni. Alisikiliza kimya kile kirefu. Akatikisa kichwa.

"Mgonjwa ana ndugu?" akauliza.

Daktari akajaribu kuiwasha tena. Haikuwaka.

"Pole, mwanangu. Nitakusaidia. Nitaichukua kwa bei ya vyuma chakavu, ileile uliyonipa mimi, naikumbuka vizuri. Fundi wa gereji atapata vipuri, na wewe utapata nauli."

"Mzee, kuwa na haki! Tangi peke yake ni mali! Hata kuigusa hujaigusa!"

"Daktari wa kweli hagusi," mzee akasema.

Daktari akautazama mlima uliobaki, akautazama ule aliokwisha kupanda, akalipigia jua hesabu. Akatoa kadi. Mshona viti akahesabu noti akampa, kisha akakumbuka jambo.

"Na koti uache," akasema. "Kitambaa chake kizuri, kitatosha kiti cha nyuma."

Mzee akapanda mbele, binti nyuma. Klabu ilipoteremka na kupita kwenye kona ile, nyekundu na njano zikigonga vijiko vyake, walijiunga mwishoni. Walipopinda, binti alimgonga baba yake begani, si kwa sababu ya mlio wowote, bali ajue kwamba yupo.