Chupa ya Bei ya Mtamba

Damiano wa Gitega hakuwahi kumiliki kiwanja, lakini aliuza vingi. Mimi ninayesimulia nilinunua kimoja, kikawa mtaro wa maji, kwa hiyo habari zake ninazijua vizuri.

Mwaka mpya, karani mmoja alimzawadia chupa ya divai nyekundu. Damiano akaifungua, akapiga funda moja, akakunja uso, akarudisha kizibo na kuisahau juu ya kabati. Mwezi wa nane akaiona tena, siku ileile alipopata ujumbe kutoka Giteranyi, mkoani Muyinga: Jovina, mchumba wake, haolewi bila ng'ombe mtamba wa mahari. Mtamba Damiano hakuwa naye. Chupa alikuwa nayo. Akaifuta vumbi, akayeyushia nta ya mshumaa mwekundu juu ya kizibo, akaazima koti na kupanda gari la Muyinga.

Mzee Manase, baba yake Jovina, alikulia Tanzania, akarudi na baiskeli na Kiswahili kilichonyooka. Alimpokea mbele ya wazee wanne.

"Mzee, hii iko divai ya Ufaransa, vrai, ya kweli kabisa," Damiano akaanza. "Kule kwao, chupa kama hii wanabadilisha na mtamba. Mi nikaona nisikuletee ng'ombe wa kukuchosha na kukata majani."

"Mtamba mzima?"

"Tena mwenye mimba!"

"Wazee, mmesikia," akasema Manase. "Haya, mwanangu, onja."

Hapo ujanja ukakwama. Kwetu, anayeleta kinywaji hukionja kwanza mbele ya watu, wajue hakina sumu. Damiano alijua hivyo tangu utotoni, ila alidhani desturi hiyo ni ya pombe ya ndizi tu. Akamiminiwa glasi ikajaa. Ilikuwa siki ya miezi minane. Pua ikamchoma, machozi yakamtoka, na Jovina alikuwa akichungulia mlangoni.

"Tamu?" Manase akauliza.

"Sana, Mzee. Haya machozi ni ya furaha."

"Basi maliza."

Akamaliza. Nilipohadithiwa nilimwonea huruma, nusura nisahau mtaro wangu.

"Mimi nimeokoka, sinywi," akasema Manase. "Lakini mgeni wangu haondoki mikono mitupu. Chupa hii nakupa wewe. Wazee, nyinyi ni mashahidi: leo nimempa mkwe wangu mtamba mwenye mimba. Sasa nangoja wa kwake."

Wazee wakapiga makofi. Damiano, mwenye kinywa kilichouza viwanja vyote vile, akaipokea chupa yake kwa mikono miwili.

Jovina alimsindikiza hadi kwenye pikipiki ya abiria huku akijikaza asicheke.

"Mi nitakungoja, Damiano, sina mwingine. Lakini we, huyo mtamba aje na miguu yake. Na hiyo chupa niachie, iko nzuri kwa kachumbari."

Akamwachia.

Juzi Damiano kanipigia simu. Ana kiwanja kizuri, anasema, kikavu kabisa, na hataki pesa, anataka mtamba tu. Nimemwambia sidanganyiki mara mbili. Ila mnadani nimeshaangalia mitamba wawili, na yule mwekundu amenipendeza.