Mtamba Mwekundu Niliyemtabiri Kanisani

Wenzangu wa Oldeani, leo nimevuliwa nguo mbele ya kanisa zima la Rhotia, na kilichonivua ni mdomo wangu mwenyewe. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa wengine. Wao wataongeza chumvi. (Iliyopo inatosha.)

Mnanijua. Nilitoka kwenu kwenye mashamba ya kahawa sina hata kiatu, leo nalala chini ya bati. Shule niliionja tu. Lakini siku hizi nasimama kanisani nasema, "Bwana ananionyesha mvua," na mvua inakuja. Watu wakaanza kuniita nabii. (Kabla ya kuingia huwa natupia jicho wingu la mlimani. Hakuna aliyewahi kuniuliza.)

Mchungaji wetu ni mgeni hapa, mtu wa Moshi. Akatangaza kwamba leo baada ya mahubiri nitasema nilichopewa, na kanisa lipime kama ni karama kweli. Wakiridhika, nitapewa nafasi ya kusema kila Jumapili. Tangu Uhuru kila mtu amepata cheo isipokuwa mimi. Nafasi ile niliitaka kuliko chakula.

Basi leo mbingu ikaamka safi, haina hata uzi wa wingu.

Nikakumbuka kitu. Jana jioni nilimwona mtamba mwekundu kwenye zizi la jirani yangu Tluway, ng'ombe nisiyemjua kabisa. Nikamuuliza, "Huyu umempata wapi?" Akasema, "Yupo tu," akachukua ndoo akaenda mtoni. Mwanamume mzima, kuchota maji. Nikajua ni wa wizi.

Mchungaji aliponiita nikasimama, nikafumba macho, nikaishusha sauti mpaka tumboni.

"Humu ndani yupo mtu aliyeficha zizini ng'ombe asiye wake. Asimame."

Mara nikasikia fimbo. Bibi Hhawu, mkongwe wetu wa benchi la mbele, anainuka. Nyuma yake akainuka mwinjilisti. Akaja mwalimu wa kwaya. Mabenchi yakalia huku na huku. Nikafumbua jicho moja: nusu ya kanisa imesimama, na Tluway amekaa.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Sisi Wambulu hatulazi ng'ombe wote zizi moja. Huyu unamweka kwa rafiki, yule kwa shemeji, ili ugonjwa ukiingia kwako usikumalize. Na hatutangazi, maana mali ya mtu ni siri yake. (Mimi mwenyewe nafuga wawili wa shemeji yangu. Nilipaswa kusimama, ila nilikuwa nimesimama tayari.)

Mchungaji akashika kichwa. "Jamani, wezi wote hawa?"

"Si wizi, Mchungaji," akasema Bibi Hhawu. "Tumewekeana tu. Nabii amesema asiye wako, nasi tunamwogopa Mungu."

Nyuma wakaanza kuulizana.

"Kumbe yule wa mzee Safari yuko kwako? Safari aliniapia hana hata ndama."

"Kaa chini, hukuitwa wewe."

Mwenye busara angenyamaza hapo. Mimi nikanyoosha kidole. "Tluway, mbona wewe umekaa?"

"Niliombwa nisiseme, Baba Danieli."

"Na nani?"

"Na mwenye ng'ombe."

"Uko mbele za Mungu. Sema."

Tluway akageukia upande wa wanawake. "Mama Danieli, nifanyeje?"

Mama Danieli ni mke wangu.

Akasimama taratibu, akajifunga kitenge vizuri. "Ni wangu. Baba yangu alinipa nilipokwenda kumuuguza. Nikamweka kwa Tluway kwa sababu kila ng'ombe akifika kwetu anauzwa, anageuka bati."

Wenzangu, kanisa lilicheka mpaka mwinjilisti akakumbatia nguzo. Watoto waliokuwa nje wakajaa madirishani. Mimi nilikuwa bado nimenyoosha kidole, sijui nikiweke wapi.

Kelele zilipopungua Mchungaji akanigeukia, machozi ya kicheko bado yakimtoka. "Baba Danieli, neno la unabii hujenga watu na kuwafariji. Hili la leo limemjenga nani?"

Bibi Hhawu akaniwahi kujibu. "Mimi limenifariji, Mchungaji. Tangu nimzike mume wangu sijacheka hivi."

"Hilo tumelisikia," akasema Mchungaji. "Lakini karama hatujaiona. Keti, mzee wangu."

Nikaketi. Nafasi ya kila Jumapili ikaenda hivyo.

Njiani mke wangu alitangulia, mgongo wake unatikisika kwa kicheko anachokibana. Nikamfuata kwa adabu. Nikamuuliza kama sasa atamleta mtamba wake nyumbani.

"Mwombe Bwana akuonyeshe," akasema, hakugeuka.

Basi ndivyo ilivyokuwa, na nawaomba msicheke. Hapa Rhotia wanaocheka wametosha.