Mgeni wa Chumba 214 Hajaingia Bustanini

Kurugenzi ya Furaha ya Wageni ya Tanglewater, Florida, inapenda kuutangazia umma kwamba kuanzia msimu huu furaha ni ya lazima. Mkaaji yeyote wa chumba chochote katika hoteli zetu atakayemaliza siku nne bila kukanyaga hata moja kati ya bustani zetu nne za burudani atahesabiwa kuwa amekataa kufurahi kwa makusudi, na chumba chake atapewa mgeni mwenye nia.

Tangazo hilo niliandika mimi. Naitwa Wendell Crabtree, Msaidizi wa Naibu Mratibu wa Ufuatiliaji wa Furaha. Cheo chenyewe hakikutosha kwenye kibandiko cha kifuani, kwa hiyo nimeandikwa "Wendell" tu, kama mhudumu wa vinywaji, na mara nyingi wageni huniagiza vinywaji. Huwa nawaletea.

Mimi pia ndiye mvumbuzi wa Kipimo cha Crabtree. Kipimo hiki ni chepesi. Mtu mwenye akili timamu hawezi kusimama juani saa mbili akisubiri kitu kisichomfurahisha, kwa hiyo kadiri anavyosubiri ndivyo anavyofurahi. Mgeni huvaa bangili ya plastiki, bangili husomwa getini anapoingia na anapotoka, na mashine huhesabu dakika alizokaa ndani. Alikuwa anafanya nini huko ndani, mashine haiulizi, na mimi sikuona sababu ya kuifundisha umbea. Mwaka ule foleni zetu zilirefuka maradufu, nikapewa cheti na keki. Keki ililiwa na wakubwa kabla sijafika, maana nilikuwa kwenye foleni ya kuegesha gari.

Sasa, Jumanne moja ya mwezi wa saba, mashine, ambayo hulilia wageni wanaolipa tu, ililia. Hoteli ya Magnolia, chumba 214: Odessa Tillery, miaka sitini na tisa, mstaafu, kutoka Macon, Georgia. Siku mbili, dakika sifuri.

Niliitwa ghorofa ya saba kwa Bi. Priscilla Vandergrift, Makamu wa Rais wa Furaha, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akicheka ila siku ile alipoona picha yangu ya kitambulisho.

"Huyu mama anaumwa?" aliniuliza.

"Hapana, Mheshimiwa. Anakula vizuri."

"Amefiwa?"

"Mashine haionyeshi."

"Basi anatuhujumu. Wendell, wageni wengine wakimwona huyu itakuwaje? Wakigundua kwamba inawezekana? Nenda kamshawishi. Ikifika Alhamisi saa sita mchana hajaingia, anafungasha. Na wewe utafungasha naye."

Nilivaa shati la maua ili nisitambulike, nikashuka bwawani alfajiri na mapema. Saa kumi na mbili asubuhi ndipo wageni wetu hutandika mataulo kwenye viti vya kulalia ili waviwahi, kisha hukimbilia getini na hawarudi tena mpaka usiku. Hivyo viti mia mbili hushinda vimelaliwa na mataulo. Bi. Odessa alitandika taulo lake, halafu akafanya jambo ambalo katika miaka kumi na minne ya utumishi sikuwahi kulishuhudia. Alilala juu yake.

"Wewe ni wa ofisini," aliniambia kabla sijafungua mdomo.

"Mimi ni mtalii kama wewe, mama."

"Mtalii gani anavaa soksi bwawani? Kaa chini, baba, unanizibia jua."

Nikakaa. Nilimweleza kwamba mita mia sita tu kutoka pale kuna treni inayopindua abiria kichwa chini mara saba.

"Mwanangu, nimeendesha basi la shule miaka thelathini na moja. Huko kichwa chini mimi nimezeeka."

"Ila hii ni ya kufurahisha, mama. Ina mamba."

"Naijua. Benchi lililo mbele yake lina msumari." Alinisogezea bakuli la karanga za kuchemsha. "Nimekuja huku mara kumi na moja na ukoo mzima. Watu arobaini, fulana za manjano, mgongoni jina la ukoo. Unajua mimi nilikuwa nafanya nini? Nashika mikoba. Wao wanapanda, bibi anashika. Miwani nane, chupa za maji, viatu vya mtu, na mtoto wa mtu analia. Wakishuka ndio wananiambia, 'Bibi, umekosa raha kweli!' Kutwa nzima, mwanangu. Benchi hadi benchi."

"Na mwaka huu wako wapi?"

"Wako kwao. Nimewaambia naenda kongamano la kwaya."

"Umewadanganya, mama?"

"Si naimba bafuni?"

Nilimsomea kanuni, kwa sauti ya upole niliyofunzwa kwenye semina. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani yake ya jua, na nikaona hatanii tena.

"Siku saba tu," alisema. "Tangu niolewe sijapata siku saba bila mtu kuniuliza chakula kiko wapi. Nyumbani siwezi kukaa, wakiniona nimekaa wananiletea mtoto. Wakijua bibi yuko kongamanoni anashughulika, hawanipigii simu. Ukinitoa siku ya nne nitarudi wapi, baba? Nitakaa lini mimi?"

Niliandika kwenye daftari: "Afisa amekabwa na karanga."

Ili niwe mkweli kwa umma, nanukuu taarifa yangu rasmi ya Jumatano kama ilivyo. Saa 4:30, mhusika amekula pichi, afisa amepewa nusu. Saa 5:15, mhusika ameingia majini hadi kiunoni na kusema "Ahaa," maana ya kitaalamu ya neno hilo inatafutwa. Saa 9:00, radi na mvua kama kila siku. Mlinzi wa bwawa amepuliza filimbi, wote tumehamia varandani. Ng'ambo ya ziwa wanaonekana wageni wenye furaha, wamejifunika mifuko ya plastiki, wanagombana. Saa 9:40, afisa amesinzia kwa sababu za kiuchunguzi. Saa 11:00, afisa amevua soksi.

Lakini kushawishika hakushawishika, na Alhamisi saa tano na nusu asubuhi nilimpandisha mbele ya Kamati ya Kusuluhisha Wageni na Furaha Yao. Kamati ina wajumbe watano na hukutana ghorofa ya saba, ambako wajumbe wote wamepewa makazi ili wawe karibu na wageni. Ghorofa hiyo ina lifti yake peke yake, ili wasikutane na wageni.

Bi. Odessa aliingia na kandambili zake. Mkono wake ulikuwa umeushika mkoba kwa nguvu, nami niliona ameshapaki. Roho iliniuma.

"Unakiri kwamba hukuingia bustanini?" Bi. Vandergrift alianza.

"Nakiri. Nilikaa."

"Ulikaa ukifanya nini?"

"Nilikaa."

"Andika, Wendell: ameulizwa, amekataa kujibu. Haya, unadai una furaha?"

"Ninayo."

"Ushahidi?"

Bi. Odessa aliwatazama mmoja mmoja. "Kwani nyie mkitaka kujua kama mtu ana furaha mnamwangalia wapi?"

Wajumbe walipekua karatasi zao. Swali halikuwamo kwenye makabrasha.

"Kwenye mashine," nilisema, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu.

"Sawa kabisa," alisema Bi. Vandergrift. "Ilete hiyo mashine. Soma kanuni yote, kisha soma majina yote ya waliokataa kufurahi, neno kwa neno, iwe fundisho."

Nikasoma kanuni. Yale maneno "yeyote" na "chochote" niliyatia mwenyewe wakati wa kuandika, kwa sababu bila hayo tangazo lilionekana jepesi. Kisha nikafungua orodha. Ilikuwa na majina sita. Nilipofika la nne nilidhani mashine imenipa orodha ya mahudhurio, maana wenye majina walikuwa wamekaa mbele yangu wakinywa kahawa. La tano lilikuwa Tillery, Odessa. La sita nililisoma polepole.

"Vandergrift, Priscilla. Chumba 701. Miaka kumi na mmoja. Dakika sifuri."

Kahawa ziliwekwa chini.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena. Mara ya pili nilisoma vizuri zaidi.

"Sisi tuko hapa kikazi!" mjumbe mmoja alifoka.

"Hata mimi nilikuwa kikazi," Bi. Odessa alimjibu. "Safari kumi na moja, nawahesabia. Nyie kumbe mlikuwa huku juu muda wote? Si mngeshuka mkanishikia mtoto!"

"Wendell," Bi. Vandergrift aliniambia kwa sauti ya chini, "futa hayo majina."

"Hayafutiki, Mheshimiwa. Uliagiza mashine isiguswe na mkono wa binadamu, ili kuzuia upendeleo. Orodha ikishasomwa mbele ya kamati, ikifika saa sita milango inajifunga yenyewe, na haifunguki mpaka mwenye chumba atimize dakika mia nne ndani ya bustani; asipotimiza, chumba anapewa mgeni mwenye nia."

"Na huyu je? Naye anafungiwa, si ndiyo?"

Ilinibidi nifunue ukurasa wa pili wa faili la Bi. Odessa. Nakiri mbele ya umma kwamba katika miaka kumi na minne sijawahi kufunua ukurasa wa pili wa faili lolote. Wa kwanza umekuwa ukinitosha. Huko nyuma kulikuwa na safari zake kumi na moja za zamani. Dakika elfu kumi na nane na mia tisa. Na chini kabisa ya kanuni, mahali nilipojaza ibara moja ya uongo na kweli ili ukurasa usibaki mtupu, palisomeka, kama nilivyosoma punde bila kuzingatia, kwamba mgeni aliyepita dakika elfu kumi ni Mgeni wa Furaha ya Kudumu, na ni marufuku kwa afisa yeyote kumsumbua, kumhimiza wala kumhamisha.

Kwa maneno mengine, kwa Kipimo cha Crabtree, tangu Tanglewater ijengwe hajawahi kutokea kiumbe aliyefurahi kama Odessa Tillery, akiwa ameketi juu ya msumari, ameshika miwani ya watu wanane.

Alinigeukia. Hakuwa amekasirika, na hapo ndipo niliposhindwa kumtazama.

"Hiyo ndiyo mnayoiita furaha, baba?"

"Ndiyo, mama."

"Mh!"

Cheti changu kipo ukutani mpaka leo, lakini tangu "Mh" ile nimekigeuza uso. Niliona aibu, na ni aibu niliyoitafuta kwa bidii na kuipatia cheti.

Bi. Odessa alirudi bwawani, akapakua mkoba. Kamati ilivunjika haraka kuliko kamati yoyote niliyowahi kuhudumia. Saa sita ilikuwa imeshagonga; wajumbe walitaka kushuka kwa lifti yao, lifti ikasoma bangili zao ikakataa, wakateremka ngazi ghorofa saba. Nilimfuata Bi. Vandergrift na faili la karatasi za wiki, na yeye, kwa kuwa ni mchapakazi, alizisaini zote huku anakimbia, ngazi baada ya ngazi, bila kusimama. Kule kwenye geti la bustani mhudumu alimtaka afungue mkoba ukaguliwe, akamuuliza kama ameshajipaka mafuta ya jua. Alimjibu kwamba yeye ni Makamu wa Rais wa Furaha. Mhudumu akamwambia hongera, na foleni inaanzia kule nyuma, kwenye ile familia ya fulana za kijani.

Labda mtauliza mimi nilinusurikaje. Kanuni inahusu wenye vyumba, na afisa wa ngazi yangu hajawahi kupewa chumba. Naishi kwenye nyumba ya magurudumu, mwendo wa dakika arobaini kutoka hapa. Katika utumishi wangu wote hiyo ndiyo siku pekee ambayo udogo wa cheo ulinifaa.

Saa tisa na robo alasiri simu yangu iliita. Ng'ambo ya simu kulikuwa na mvua, filimbi, watoto wanaolia, na mtu akitangaza kwenye kipaza sauti kwamba treni ya mamba imesimamishwa kwa ajili ya radi na wageni wanaombwa kuendelea kufurahia foleni. Tangazo hilo pia niliandika mimi.

"Wendell." Sauti ya Bi. Vandergrift ilikuwa imelowa. "Nimesimama saa tatu. Kuna mwanamke amenipa mtoto nimshikie, kisha ameondoka."

"Pole, Mheshimiwa. Analia?"

"Amelala. Wendell, hebu niambie. Yule mama wa 214 yuko wapi sasa hivi?"

"Varandani, Mheshimiwa. Anaangalia mvua."

Nilimsikia akimhamishia mtoto bega la pili.

"Kile kiti cha pembeni yake," alisema mwishowe, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba, "kina mtu?"

"Kina mtu, Mheshimiwa."

"Nani?"

"Mimi. Niko likizo, siku saba."

"Likizo! Nani amekupa likizo katikati ya msimu?"

"Wewe, Mheshimiwa," nilimjibu. "Pale ghorofa ya tatu, karatasi ya nne. Hukuisoma."