Mashimo Yangu Tisa Mtoni

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekasirika tangu asubuhi. Mjomba Mbithi amepiga simu kutoka Kibwezi. Jumatatu ijayo yeye na wazee wenzake wanateremka pwani kucheza gofu wiki nzima, kwenye viwanja vilivyo kando ya bahari kabisa. Jumamosi atapita hapa Ikutha, na anataka kijana wa nyumbani wa kumbebea fimbo. Kabla sijameza mate, Ndululu, binti wa mama mdogo, akapaza sauti kutoka jikoni: "Mjomba, mimi! Nipeleke mimi!"

Hivyo tu. Bila haya. Mdomo umejaa muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe.

Ndululu hajui gofu hata kidogo. Mimi nina fimbo kuukuu aliyoisahau Mjomba Krismasi, na mipira miwili. Nimemaliza kidato cha nne na sijawahi kuona bahari, isipokuwa ile iliyochorwa kwenye Biblia, Waisraeli wakivuka.

Nilitaka kusema na mimi pia. Nikasugua sufuria. Kwa nguvu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mpango! Mjomba husema viwanja vya ufuoni havina miti. Ni mchanga, upepo na nyasi kavu. Sasa huo si mto wetu? Umekauka tangu Juni. Nitachimba mashimo nijizoeze, na Mjomba akija atanikuta nikicheza kama mtu aliyezaliwa pwani. Ataona mwenyewe. Sitahitaji kuomba.

Mashimo tisa, juu kidogo ya ukuta wa bwawa la mchanga, ule unaozuia mchanga na maji yaliyojificha chini yake. Kazi ya laana! Unachimba, mchanga mkavu unarudi ndani. Unachimba tena, unarudi tena. Mwishowe nimeshuka hadi kwenye mchanga wenye unyevu, ambao hukubali kusimama. Mkono umezama mpaka begani. Kila shimo nimelisimikia kijiti chenye kitambaa chekundu. Nimekata sweta ya shule. Siihitaji tena.

Jumatano, 6 Agosti

Wavamizi! Mashimo yamejaa maji. Na penye maji pana foleni.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mama Kisilu, na punda wake watatu. Amenishika mikono yote miwili akanibariki. Eti wasichana wa siku hizi ni simu tu, lakini Nzisa ameamka akachimbia watu visima, tena akaviwekea bendera vionekane bila shida. Nilitaka kumwambia si visima, ni gofu. Nikasema karibuni.

Karibuni! Siku moja nitaushtaki mdomo huu.

Mpira wangu mmoja umetoka ndani ya kata yake. Ameuliza ni yai la ndege gani.

Alhamisi, 7 Agosti

Mambo yameharibika zaidi. Kila familia imejichukulia shimo lake na kulizungushia miiba, mbuzi wasichafue. Na miiba ya kisima cha mtu haiguswi. Hata mtoto anajua. Kwa hiyo nina uwanja wa gofu ambao siruhusiwi kugusa shimo lake hata moja!

Nimepiga hata hivyo. Mpira umenasa kwenye miiba. Mkono umechanika. Ndululu alikuwa ameketi ukingoni akitafuna karanga, akauliza kama hiyo ni gofu au nachapa mbuzi wasioonekana. Nikamjibu ni mazoezi ya mwili. Akasema kama nataka pwani si nimwambie Mjomba tu, atanila?

Nimwambie tu! Huyu msichana haelewi lolote kuhusu mipango.

Jumamosi, 9 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Mjomba amefika na viatu vyeupe na kofia. Nikamtangulia mtoni, fimbo mkononi. Nusu ya soko ilikuwa huko na mitungi. Akauliza hapa kunafanyika nini. Basi nikapiga mpira, ujieleze wenyewe.

Sijawahi kupiga vile! Umepaa na upepo, umeruka miiba, umetumbukia shimo la tatu bila kugusa kitu. Mjomba akapiga yowe la furaha, akakimbia, akasukuma miiba kando, akaingia.

Na viatu.

Aiya! Mama Kisilu alisikika hadi ng'ambo. "Wewe mzee! Huko Kibwezi maji ya kunywa mnayakanyaga na viatu? Toka! Vua! Na hayo maji uyatoe yote mpaka yang'ae!" Mjomba amekunja suruali na kuchota matope kwa kata mbele ya wanawake wote. Walikuwa wakimwimbia. Nilitamani mchanga unimeze.

Na hakukasirika! Hilo ndilo linaloniudhi. Wakati wa chai amemwambia Mama kwamba msichana anayefikiria maji ya watu ni hazina, si wa kuondolewa nyumbani. Ndululu ameomba, basi Ndululu ataenda. Halafu akanigeukia akasema gari lina nafasi mbili nyuma. Nikitaka na mimi, niseme tu.

Wote wakanitazama. Nikakitazama kikombe. Nikasema visima vinahitaji mtu.

Visima vinahitaji mtu!! Ni nani aliyesema maneno hayo? Ndululu ameondoka naye jioni. Amevaa kofia yangu ya kanisani.

Jumatatu, 11 Agosti

Mjomba amepiga simu asubuhi. Wako Kibwezi, wanamsubiri mzee mmoja, hawatoki mpaka saa sita. Kiti bado kitupu. Je, Nzisa ana neno lolote? Mama akaninyooshea simu.

Nikamwambia wasafiri salama.

Mama akachukua simu yake, akaenda kuangalia kuku.

Nimekaa nikatafuta kwa makini kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Ni mchanga! Nilichimba karibu mno na bwawa, na sikuyaimarisha mashimo. Mjomba anarudi pwani Desemba. Kesho naanza upya, juu zaidi mtoni, mbali na foleni, na safari hii kila shimo nitalijengea saruji.

Mama Kisilu amesikia habari za saruji. Amekuja mbio na punda wote watatu, anauliza kokoto zimwagwe wapi.

Nimemwambia karibu.